MAKELELE HAYAMFUNDISHI MPIGAJI

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo nimelifikiri kwa muda mrefu, nalo ni namna sisi wakubwa tunavyowasahihisha wadogo zetu wanapojifunza kupiga mpira wa besiboli. Najua wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo la uwanjani, na kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliyebakiwa na miezi michache kabla ya mtihani wa taifa angefanya vyema zaidi kuandika juu ya masomo. Nawaomba wanivumilie mpaka mwisho, maana kosa nitakalolieleza nililifanya mimi mwenyewe, na sikulifanya uwanjani peke yake.

Kwanza niwaeleze wazazi wetu ambao hawajauona mchezo wenyewe. Besiboli ni mchezo wa Wamarekani, na Wajapani nao wameupenda mno. Hapa Tanzania uliletwa mashuleni na Wajapani mwaka 2012, na mwaka 2018 ukajengwa uwanja wake katika Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam. Mashindano yetu ya taifa yalipewa jina la Koshien, ambalo ni jina la uwanja mashuhuri wa Japani uliofunguliwa mwaka 1924, mahali ambapo vijana wa sekondari wa nchi ile hushindana kila mwaka. Katika mchezo huu mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18.44 kutoka kwenye kibao cha mpigaji, akautupa mpira mgumu wenye uzito wa gramu 145 hivi. Mpigaji hushika gongo la mviringo, na kazi yake ni kuupiga mpira huo uende mbali, kisha akimbie. Akikosa mara tatu, ametoka. (Nasema gongo kwa maana ya fimbo nene. Kinywaji chenye jina hilo hakimo katika shule yetu, wala kisiwemo.)

Sasa nieleze habari yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka huu alijiunga na timu yetu kijana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa yeye mwenyewe ameniomba nisilitaje. Ni kijana mwembamba, mtoto wa wakulima, naye alikuwa na mikono yenye nguvu kuliko yetu sote. Siku ya kwanza alishika gongo kama mtu ashikavyo jembe, akalipiga teke vumbi, na mpira wa nne aliotupiwa akaupeleka mpaka kwenye michongoma nyuma ya jiko. Sote tulishangilia. Mimi, nikiwa nahodha, nikajiambia moyoni kwamba hapa tumepata mpigaji, na kwamba kazi yangu ni kumtengeneza.

Basi nikaanza kumtengeneza. Kila jioni, kabla ya kengele ya chakula, nilisimama karibu naye nikimpigia kelele. "Inua kiwiko! Kunja magoti! Tazama mpira! Usitupe kichwa! Piga kuelekea chini! Zungusha kiuno! Kaza mikono!" Na baada ya dakika tano, "Legeza mikono!" Wenzangu wa Kidato cha Tatu na cha Nne nao, wakiona nahodha anapiga kelele, wakaongeza za kwao. Kila mtu alikuwa na neno lake. Kijana yule alisema, "Ndiyo, kaka," kwa kila neno, akajitahidi kulitimiza. Kwa kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyozidi kuharibika. Wiki ya tatu alikuwa hapigi hata mpira uliotupwa polepole.

Kisha tukacheza na shule jirani. Alisimama kupiga mara nne, na mara zote nne akatoka bila ya gongo lake kuugusa mpira. Mara ya nne sisi wenyewe tulimcheka, na mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Jioni ile alikuja bwenini kwangu akiwa na glovu ya shule mkononi, akaiweka juu ya kitanda changu kwa adabu, akasema, "Kaka, naomba kuacha. Mimi sasa sijui hata mikono yangu iko wapi."

Maneno yale yaliniumiza, lakini sikuyaelewa. Nilidhani ni uvivu. Nilikwenda kumshitaki kwa mwalimu wetu wa michezo kwamba kijana huyu hana moyo. Mwalimu hakunijibu neno. Aliniambia nichukue gongo nipige mipira kumi, naye akanipiga picha za sinema kwa simu yake. Halafu tuliketi kwenye ngazi za ofisi akanionyesha picha zile zikienda polepole sana, akaniuliza, "Wewe husema mtu apige kuelekea wapi?" Nikajibu, "Kuelekea chini, mwalimu." Akasema, "Haya, tazama."

Nilitazama. Gongo langu lilishuka kutoka begani, hilo ni kweli, lakini kabla ya kukutana na mpira lilikuwa limekwisha kulala, na lilipougusa lilikuwa likipanda kidogo. Katika mipira saba niliyoipiga vizuri, hakuna hata mmoja nilioupiga kuelekea chini. Kumbe kwa wiki tatu nilikuwa nikimpigia mtoto kelele afanye jambo ambalo mimi mwenyewe silifanyi, wala sikujua kwamba silifanyi.

Wasomaji wapenzi, tangu siku ile nimesoma na kuuliza, nami nataka kuwaeleza kwa ufupi kwa nini upigaji ni jambo gumu, ili muone ubaya wa makelele yetu.

Chukua hesabu hii, ambayo mwanafunzi yeyote wa Fizikia aweza kuifanya. Mrushaji wa shule mwenye nguvu aweza kuutupa mpira kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde. Akiuachia, mkono wake umekwisha kusogea mbele kiasi cha mita moja na nusu, basi mpira una mita 17 hivi za kusafiri. Gawanya 17 kwa 25, utapata sekunde 0.68. Katika muda huo mpigaji lazima auone mpira, akisie utapita wapi, aamue kama ataupiga au atauacha, kisha alizungushe gongo, na kulizungusha peke yake huchukua karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Kwa warushaji wa Marekani wanaolipwa mshahara, ambao hutupa kwa kilomita 145 kwa saa na zaidi, muda wote haufiki nusu sekunde. Nani awezaye kuyakumbuka maagizo saba katika muda huo? Hata agizo moja ni zito. Mpigaji anayefikiria kiwiko chake, mpira umekwisha kumpita.

Tena nguvu ya mpigaji haitoki mikononi kama tudhanivyo. Hutoka ardhini. Mpigaji huuweka uzito wake kwanza juu ya mguu wa nyuma, kisha hupiga hatua fupi kwa mguu wa mbele, na mguu ule ukishakanyaga imara, nyonga huanza kuzunguka. Mabega hufuata nyonga, mikono hufuata mabega, na gongo huja mwisho kabisa, kama ncha ya mjeledi inavyoufuata mpini. Ted Williams wa Boston Red Sox, ambaye mwaka 1941 alipata wastani wa 0.406, yaani mapigo zaidi ya manne katika kila kumi, alieleza jambo hili katika kitabu chake kiitwacho The Science of Hitting. Alifundisha kwamba nyonga ndizo ziongozazo mikono. Alifundisha pia kwamba gongo lipande kidogo linapokutana na mpira, kwa sababu mrushaji yuko juu ya kichuguu, na mpira wenyewe unavutwa na ardhi, basi hufika ukiwa unashuka. Gongo linaloshuka sana hukutana na njia ya mpira katika nukta moja tu, lakini gongo linalopanda kidogo huifuata njia ile kwa kitambo, na mpigaji akikosea wakati kidogo bado ataupata.

Kutokana na hayo utaona kwamba kosa linaloonekana mikononi mara nyingi si la mikono. Limeanzia chini, na mikono inajitahidi tu kuliponya. Nasi tuliosimama pembeni huiona mikono kwa sababu ndiyo inayokwenda kwa kasi, tukaipigia kelele, na mguu ulioanzisha maovu yote ukaachwa salama.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wetu. Mwalimu alimwita, si uwanjani mbele ya watu, ila kando ya bohari, akamwuliza swali ambalo mimi sikupata kumwuliza hata siku moja: "Wewe mwenyewe waona nini mpira unapokuja?" Kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba haoni kitu, kwa sababu anafumba macho. Akaeleza kwamba katika wiki yake ya kwanza mpira ulimpiga mbavuni, akashindwa kulala juu ya ubavu ule siku tatu, lakini hakumwambia mtu kwa kuogopa kuitwa mwoga. Tangu hapo kila mrushaji alipoinua mkono, mguu wake wa mbele ulikimbia wenyewe kuelekea nyuma ya mgongo wake, upande wa kituo cha tatu. Mguu ukikimbia hivyo, nyonga hufunguka mapema, bega hutoka, kichwa hufuata, na gongo haliwezi kuufikia mpira unaopita upande wa nje. Makosa yote saba niliyokuwa nikiyapigia kelele yalikuwa mtoto wa kosa moja, na kosa lile lilikuwa mtoto wa hofu.

Nawauliza wenzangu: je, hofu huponywa kwa makelele? Tulikuwa tunamwogopesha zaidi mtu ambaye ugonjwa wake ulikuwa ni kuogopa.

Dawa aliyoitumia mwalimu ilikuwa rahisi hata niliona haya. Kwanza alimfundisha namna ya kuukwepa mpira, yaani kugeuza bega la mbele kuelekea kwa mdakaji na kuficha kidevu, ili ukimpata umpate mgongoni mahali penye nyama. Alimtupia mipira ya matambara, kama ile tuliyochezea chandimu utotoni, ikamgonga mgongoni mara ishirini mpaka wote wawili wakacheka. Siku nne hakushika gongo kabisa. Kisha akalaza fimbo chini, nyuma ya visigino vyake, akamwambia, "Neno lako ni hili moja tu. Usikanyage fimbo." Hakumwambia habari ya kiwiko, wala ya kichwa, wala ya kupiga chini au juu.

Kwa kuwa mipira yetu ni michache, tulitumia magunzi ya mahindi kutoka jikoni. Mtu mmoja hupiga goti kando, akalirusha gunzi polepole mbele ya mpigaji, naye hulipiga. Gunzi likipigwa katikati hupasuka vizuri kwa sauti, likipigwa pembeni huzunguka tu, basi mpigaji hujijua mwenyewe bila ya kuambiwa. Mimi ndiye niliyepiga goti kumrushia. Niliomba kazi hiyo kama kitubio, na masharti niliyopewa na mwalimu ni kwamba nisiseme neno. Naapa kwamba kunyamaza kule kulinishinda kuliko kazi yoyote niliyopata kuifanya katika shule hii. Mara nyingi neno lilifika mdomoni nikalimeza. Lakini wiki ya pili niliona kwa macho yangu kiwiko chake kinakaa mahali pake, na kichwa chake kinatulia, ingawa hakuna aliyemwambia habari zake. Mguu ulipopata njia, vingine vilifuata.

Nisije nikadhaniwa nasimulia hadithi ya ajabu, nasema wazi kwamba hakuwa bingwa. Katika mchezo wetu wa mwisho wa muhula alisimama mara nne. Mara mbili alitoka kwa kukosa, mara moja aliupiga mpira ukadakwa, na mara moja aliupeleka upande wa kulia ukaanguka salama, mtu wetu akafika nyumbani. Pigo moja tu. Lakini mara zote nne macho yake yalikuwa wazi, na alipokosa alirudi kwenye benchi akisema, "Ule ulikuwa wa nje, nimechelewa." Mtu ajuaye kwa nini amekosa amekwisha kuanza kujifundisha.

Sasa nijibu hoja za wale wasiokubaliana nami, maana wako wengi, hata katika bweni langu.

Wako wasemao, "Sisi tulifundishwa kwa makelele, na tazama, twapiga vizuri." Hoja hii inahesabu waliobaki, haiwahesabu walioondoka. Mwaka nilipojiunga na timu tulikuwa vijana kumi na wanne wa kidato kimoja. Leo tumebaki watano. Hao tisa hatuwezi kujua wangekuwa wapigaji wa namna gani, kwa kuwa walirudisha glovu, nasi tukasema hawana moyo, kama nilivyosema mimi.

Wako wengine wasemao, "Samaki mkunje angali mbichi." Nakubali kabisa. Mwili ukizoea kosa miaka mitatu ni shida kuliondoa, kwa hiyo yafaa kumsahihisha mpigaji angali mchanga. Lakini methali inasema mkunje, haisemi mvunje. Na mwenye kukunja samaki humkunja kwa mikono miwili polepole, hawamshiki watu saba kila mmoja akivutia upande wake.

Na wako wachache wasemao kinyume chake, kwamba mtoto aachwe apige apendavyo, kwani kila mtu ana namna yake. Hawa nao wamepata nusu ya ukweli. Mfano wao ni Sadaharu Oh wa Japani, aliyekuwa akipiga akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, naye alipiga mipira 868 ya kutoka nje ya uwanja kabla ya kustaafu mwaka 1980. Lakini mguu ule mmoja haukuwa mchezo wake wa kujibunia. Oh alijiunga na timu ya Yomiuri Giants mwaka 1959, na kwa miaka mitatu hakuonyesha mengi, kwa sababu mwili wake ulikwenda mbele mapema na mikono ikabaki nyuma. Mwaka 1962 mwalimu wake, Hiroshi Arakawa, alimwambia ainue mguu wa mbele na kungoja, ili uzito wake ubaki nyuma mpaka wakati ufike. Alimfanyisha mazoezi kwa upanga, akikata karatasi iliyoning'inizwa, usiku baada ya usiku. Mwaka ule ule Oh alipiga mipira 38 nje ya uwanja, akawaongoza wapigaji wote wa ligi yake. Basi lile tunaloliona kuwa namna yake mwenyewe lilikuwa ni sahihisho. Lilikuwa sahihisho moja, lililotolewa na mtu mmoja, kwa mtu mmoja, baada ya kumtazama sana.

Kwa hiyo nasema kwamba tutofautishe namna ya mtu na kosa la mtu. Wapigaji wazuri husimama kila mmoja kwa mtindo wake: mmoja huweka gongo juu, mwingine huliweka begani, mmoja hupanua miguu, mwingine huikusanya. Lakini gongo linapokutana na mpira, wote hufanana: mguu wa mbele umekaza, nyonga zimezunguka, kichwa kimetulia na macho yako kwenye mpira. Lile linalomzuia mtu asifike hapo ndilo kosa. Lisilomzuia, tumwachie, hata kama latuchekesha.

Nilisema mwanzoni kwamba sikulifanya kosa hili uwanjani peke yake. Kila Januari huja wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza ambao wamesoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, na sasa wanatakiwa kujifunza kila somo kwa Kiingereza. Mmoja husimama darasani au kwenye mdahalo, akasema sentensi yenye makosa manne, na ukumbi mzima hucheka, na wakubwa humrekebisha kwa sauti kutoka pande zote. Mimi nimecheka mara nyingi. Nimewaona pia waliochekwa. Huketi chini, na muhula wote hawainui mkono tena. Hawakuacha kukosea, wameacha kusema tu, kama yule kijana aliyefumba macho. Na mtu asiyesema hatujui kosa lake liko wapi, basi hatuwezi kumsaidia hata tukitaka. Glovu iliyowekwa juu ya kitanda changu niliiona. Za darasani hazionekani.

Basi naomba kutoa mashauri manne kwa timu yetu, na anayependa ayachukue kwa darasa lake na bweni lake pia.

La kwanza, mpigaji mchanga awe na mtu mmoja wa kumsahihisha, na wengine wote wanyamaze. Kama una maoni, mpelekee yule mtu, usimpelekee mpigaji.

La pili, kabla ya kumwambia neno, tumwulize yeye anaona nini na anasikia nini mwilini mwake. Jibu lake litaokoa wiki tatu, kama lingeokoa zangu.

La tatu, apewe kosa moja tu, na lile la chini kabisa, yaani kuanzia miguuni kwenda juu, wala asipewe la pili kabla la kwanza halijamtoka kichwani na kuingia mwilini. Na siku ya mashindano asipewe hata moja. Siku ile ni ya kuutazama mpira na kuupiga.

La nne, sisi wakubwa nasi tutazamwe. Nahodha atakayechaguliwa mwakani apigwe picha akipiga, kama nilivyopigwa mimi, aione mbele ya mwalimu kabla ya kupewa ruhusa ya kumfundisha mtu. Dawa hii ni chungu lakini ni ya haraka.

Wazazi wetu mtakaolisoma gazeti hili wakati wa likizo, ninyi nanyi mnaweza kutusaidia. Mtoto akirudi nyumbani na ripoti yenye nyekundu tano, msizipigie kelele zote kwa jioni moja. Mwulizeni, pengine mtakuta zote tano zina mama mmoja, na mama yule ni jambo ambalo ameona haya kulisema.

Mimi nitaondoka shuleni hapa mtihani ukiisha, na glovu niliyoivaa miaka mitatu nitaikabidhi bohari. Nimekwisha kumwomba radhi yule kijana mbele ya timu nzima, kwa sababu nilimcheka mbele ya timu nzima. Alinijibu, "Yamekwisha, kaka." Juzi nilipita uwanjani jioni nikamkuta amepiga goti, anamrushia magunzi mtoto wa Kidato cha Kwanza. Mtoto yule alikuwa akilikosa gunzi kila mara, na kiwiko chake kilikuwa kimeanguka vibaya sana. Nilisimama kutazama. Yule kijana hakusema kitu. Aliokota gunzi jingine, akalirusha.

Ni mimi mwenzenu,
Nahodha wa Besiboli, Kidato cha Nne.